Nani Amfundishe Nani? Nusu Karne ya Kompyuta, kutoka Hazina hadi Mapaa ya Michenzani

Mwaka 1964 ulibadilisha mengi katika visiwa hivi. Tarehe 12 Januari yalifanyika Mapinduzi ya Zanzibar, na tarehe 26 Aprili Zanzibar na Tanganyika zikaungana. Siku tano baada ya Muungano, saa kumi alfajiri ya tarehe 1 Mei, jambo jingine lilitokea mbali na hapa. Katika chuo cha Dartmouth nchini Marekani, walimu wawili wa hisabati, John Kemeny na Thomas Kurtz, pamoja na wanafunzi wao, waliendesha kwa mara ya kwanza programu za lugha ya BASIC. Waliitunga lugha hiyo makusudi ili mwanafunzi yeyote, hata anayesoma fasihi au historia, aweze kuiamuru kompyuta bila kuwa mhandisi.

Miaka minane baadaye, mwaka 1972, mwalimu wa fizikia wa chuo hichohicho, Arthur Luehrmann, aliuliza swali ambalo bado halijazeeka: je, kompyuta imfundishe mwanafunzi, au mwanafunzi aifundishe kompyuta? Wakati huo wengi walidhani kazi ya mashine darasani ni kuuliza maswali na kusahihisha majibu. Luehrmann aliona hilo ni kupoteza mali. Aliyejua kuipangia mashine hatua za kazi, alisema, amepata elimu ya msingi iliyo sawa na kusoma na kuandika, na watu wote wanastahili kuipata. Hapo ndipo lilipozaliwa wazo ambalo leo tunaliita ujuzi wa kompyuta.

Ukiifuata historia ya kompyuta Tanzania na Zanzibar kwa swali hilo, jambo moja linajitokeza wazi. Kila mara mashine ilipotangulia na watu wakaachwa nyuma, fedha zilipotea na imani ikavunjika. Kila mara watu wenye elimu ya mahali, wajuzi wa lugha, wa mchezo au wa mtaa, walipoifundisha mashine, kitu cha kudumu kilibaki. Makala haya yanaifuata njia hiyo kuanzia Hazina ya Dar es Salaam mwaka 1965 hadi mtaa wa Michenzani, Unguja, wa leo.

Mashine ya Hazina

Kompyuta ya kwanza Tanzania ilifungwa mwaka 1965 katika Wizara ya Fedha, Dar es Salaam. Ilikuwa ICT 1500, iliyouzwa na kampuni ya Uingereza ya International Computers and Tabulators, ingawa usanifu wake ulikuwa wa Marekani: kwa ndani ilikuwa mashine ya RCA 301 iliyobadilishwa jina. Mashine za aina hiyo zilitolewa na kumbukumbu ya herufi 10,000, 20,000 au 40,000. Msomaji akitaka kupima udogo wake, makala haya peke yake yangekaribia kuijaza kumbukumbu ya saizi ya kati, na isibaki nafasi ya kutosha hata ya programu ya kuyasoma.

Kazi ya ofisi zenye kompyuta zama hizo ilianzia kwenye kadi. Kadi ngumu ya karatasi, yenye ukubwa wa bahasha ndogo, ilikuwa na safu wima 80, na kila safu ilibeba herufi au tarakimu moja kwa alama ya matundu. Karani aliketi mbele ya mashine ya kutoboa, hati ya malipo ikiwa kushotoni kwake, akabonyeza namba ya fungu, jina na kiasi. Kadi ikapita kwa karani wa pili, ambaye alibonyeza maneno yaleyale upya kwenye mashine ya kuhakiki. Mahali ambapo wawili hao walitofautiana palionyesha kosa, na kadi ikarudishwa. Kadi zilizosalimika zilipangwa kwa maelfu, zikalishwa kwenye mashine, na majibu yakatoka kwenye karatasi pana zilizokunjana. Tundu likikosewa safu, shilingi mia zingeweza kusomeka kuwa elfu. Mtu akiangusha bunda la kadi sakafuni na mpangilio ukavurugika, kazi ya siku nzima huenda ikaanza upya.

Mfumo wa namna hiyo unadai mnyororo mrefu wa watu: makarani wenye mikono thabiti, wachambuzi wanaoielewa kazi ya ofisi kabla ya kuigeuza kuwa hatua za mashine, waandishi wa programu, mafundi, na mabosi wanaojua waulize nini. Nchi iliyopata uhuru mwaka 1961 haikuwa na watu hao wa kutosha. Mifumo ilisanifiwa na wageni wa mikataba, nao walipoondoka waliondoka na ujuzi. Jaribio la kuhamishia hesabu za serikali kwenye kompyuta liliishia kwa ucheleweshaji, makosa na hasara kubwa. Chombo kilichonunuliwa ili kiharakishe hesabu za taifa kikawa sababu ya hesabu kutokamilika.

Marufuku ya 1974

Mwaka 1974 Serikali ilipiga marufuku uingizaji wa kompyuta na vifaa vyake nchini. Aliyeihitaji ilimlazimu kuomba ruhusa, na maombi yakapitia kamati ya ushauri iliyochuja nani apewe na kwa kazi gani.

Marufuku hii imesimuliwa mara nyingi kama woga wa watawala mbele ya maendeleo. Naamini masimulizi hayo yanawadhulumu waliofanya uamuzi. Nchi ilikuwa maskini wa fedha za kigeni, bei ya mafuta ilikuwa imepanda vikali tangu mwishoni mwa 1973, ukame ulikuwa umepunguza mavuno, na Azimio la Arusha la 1967 lilikuwa limeweka kujitegemea mbele ya kila jambo. Kuzuia mashine ya gharama kubwa iliyokwisha kuitia hasara Hazina kulikuwa na mantiki yake. Kasoro ilikuwa kwingine. Serikali iliifungia mashine mlango, lakini haikufungua mlango wa kufundisha. Marufuku ingeweza kuambatana na mpango wa miaka 10 wa kuandaa wachambuzi na waandishi wa programu, ili siku ya kuiondoa nchi iwe tayari. Fursa hiyo ilipita.

Zanzibar wakati huo ilikuwa na njia yake. Katika kipindi hichohicho cha 1973 na 1974 ilianzisha Televisheni ya Zanzibar, iliyorusha matangazo ya rangi ilhali Tanzania Bara haikuwa na televisheni kabisa na haikuipata hadi mwaka 1994. Pale Ng'ambo, mjini Unguja, nako majumba ya Michenzani yalikuwa yanapanda. Mpango wa mji wa mwaka 1968, uliochorwa na wataalamu wa Ujerumani Mashariki chini ya Hubert Scholz, ulilenga kuigeuza Ng'ambo ya vibanda vya udongo na makuti kuwa mji wa ghorofa, na majengo ya Michenzani, mengine yakiwa na urefu wa karibu mita 300, yakawa alama yake kubwa kuliko zote. Serikali ya Mzee Karume, na baada ya kuuawa kwake tarehe 7 Aprili 1972 ile ya Mzee Aboud Jumbe, haikuwa na hofu ya mambo mapya. Ila mambo mapya iliyoyachagua yalikuwa yale ambayo mwananchi aliyapokea akiwa ameketi: nyumba na picha. Mashine inayomtaka mwananchi aiamuru haikuwamo katika hesabu, upande wowote wa bahari.

Gharama ya kuchelewa haikuonekana mara moja. Kompyuta ndogo zilikuja duniani katika miaka hiyohiyo: Altair mwaka 1975, Apple II mwaka 1977, kompyuta ya IBM ya mezani mwaka 1981. Chuo Kikuu cha Nairobi kilianzisha Taasisi ya Sayansi ya Kompyuta mwaka 1977, na Makerere ikafuata mwaka 1985, Uganda ikiwa bado katikati ya vita. Kwetu, kompyuta za miaka ya 1980 ziliingia kwa mlango wa pembeni, nyingi zikiwa ndani ya miradi ya wafadhili. Mradi ulipokuja na mashine zake, ruhusa ilipatikana. Mradi ulipokwisha, mashine zilibaki chini ya vitambaa vya kuzuia vumbi.

Watafiti wanaanza kuuliza

Mwishoni mwa miaka ya 1980 walijitokeza watu waliotaka kujua kwa ushahidi yaliyokuwa yanatokea. Kenya ilitangulia upande wa skuli. Mapema katika mwongo huo Shirika la Aga Khan lilikuwa limeanzisha mradi wa kompyuta katika skuli za sekondari, ukianzia Nairobi. Lengo lilikuwa kuifanya kompyuta nyenzo ya kujifunzia masomo mengine: kuandika insha, kupanga takwimu za jiografia, kutengeneza majedwali ya hesabu. Mwaka 1990 mtafiti B. M. Makau alichapisha uchunguzi wake wa mradi huo kupitia kituo cha utafiti cha Kanada, IDRC. Ni miongoni mwa kazi za mwanzo kabisa zilizoitazama kompyuta darasani katika Afrika Mashariki kwa jicho la mtafiti wa hapahapa.

Umuhimu wa kazi ya namna hiyo ni kwamba inamrudisha mwalimu katikati ya picha. Mwenye mradi huhesabu mashine. Mtafiti anayekaa darasani huona kwamba skuli mbili zenye mashine sawa zinaweza kutofautiana kama usiku na mchana, kutegemea kama mwalimu amefundishwa, kama ana muda katika ratiba, na kama mtihani wa taifa unauliza alichofundisha. Somo lisilo na mtihani husukumwa jioni, baada ya kengele.

Kwa Tanzania, Suzanne Grant Lewis alichunguza jinsi kompyuta ndogo zilivyokuwa zinaingia katika ofisi za umma, na mwaka 1992 yeye na Joel Samoff wakahariri kitabu cha uchambuzi kuhusu kompyuta ndogo katika maendeleo ya Afrika. Mwaka 1994 Chuo Kikuu cha Umoja wa Mataifa kilichapisha ripoti za nchi nne, Ireland, Ethiopia, Nigeria na Tanzania, na sura ya Tanzania iliandikwa na Klodwig Mgaya. Anayetaka kuifahamu safari kutoka ile ICT 1500 hadi marufuku na kulegea kwake hana budi kuisoma sura hiyo. Kwa kazi hizo, kile kilichokuwa uvumi wa maofisini kikawa historia iliyoandikwa.

Kiunguja ndani ya mashine

Wakati maofisi yakihangaika na vibali, utafiti wa aina nyingine ulikuwa unaendelea, na huo ulihusu mali ambayo visiwa hivi vimeipa Afrika Mashariki nzima. Mwaka 1928 mkutano wa Mombasa uliamua kwamba Kiunguja kiwe msingi wa Kiswahili sanifu, na mwaka 1930 ikaundwa kamati ya lugha ya nchi nne za Afrika Mashariki kusimamia tahajia na kamusi. Uamuzi ule ulifanywa kwa ajili ya vitabu vya skuli. Nusu karne baadaye ulikuja kuisaidia kompyuta, kwa kuwa mashine inahitaji tahajia moja inayoaminika kabla ya kuanza kuchambua.

Arvi Hurskainen wa Chuo Kikuu cha Helsinki alianza kuifundisha kompyuta sarufi ya Kiswahili katika miaka ya 1980. Kifaa alichokitumia kilitoka nyumbani kwao. Mwaka 1983 Kimmo Koskenniemi, pia wa Helsinki, alikuwa amebuni njia ya kuchambua maneno kwa kompyuta katika ngazi mbili, ya umbo linaloandikwa na ya umbo la ndani. Kiingereza kisingemsukuma sana mtu kubuni njia hiyo, maana maneno yake hayabadiliki sana. Kifini hujenga maneno marefu kwa kuambika vipande, na Kiswahili nacho hujenga vitenzi vyake vivyo hivyo. Chombo kilichotengenezwa kwa Kifini kikakifaa Kiswahili.

Tuchukue kitenzi kimoja: hawakunipelekea. Msemaji hulitamka kwa pumzi moja bila kufikiri. Mashine inapaswa kulifungua kiungo kwa kiungo: *ha-* ya ukanushi, *-wa-* ya watendaji, *-ku-* ya wakati uliopita katika ukanushi, *-ni-* ya mtendewa, mzizi *-pelek-*, kiambishi *-e-* cha kutendea, na irabu ya mwisho. Kila kiungo kina masharti yake. *Ku* hiyohiyo katika *kupeleka* ni alama ya kitenzi-jina, na katika *atakupeleka* ni wewe unayepelekwa. Kwa hiyo haitoshi kuipa mashine orodha ya maneno, kwa sababu mzizi mmoja unaweza kuzaa maumbo maelfu kwa maelfu. Ni lazima ifundishwe kanuni: kipi kinaweza kufuata kipi, na katika hali gani.

Maelezo ya kazi hiyo yalichapishwa mwaka 1992 katika toleo la kwanza la jarida la Nordic Journal of African Studies. Mwaka 1996 Hurskainen akaonyesha hatua iliyofuata, ya kutatua utata. Neno *kaa* likisimama peke yake laweza kuwa amri, mnyama wa pwani au kipande cha moto, na maneno ya jirani ndiyo yanayotegua kitendawili. Mfumo mzima ukaja kuitwa SALAMA. Sambamba na kazi hiyo, kati ya 1988 na 1992, watafiti wa Finland na Tanzania walizunguka maeneo ya Waswahili wakirekodi lugha na masimulizi kutoka vinywani mwa wenyewe. Baadaye ikakusanywa hazina ya matini za Kiswahili za kompyuta iliyotumiwa na watafiti wa nchi nyingi, na mwaka 2006 Guy De Pauw, Gilles-Maurice de Schryver na Peter Wagacha wa Chuo Kikuu cha Nairobi waliitumia kuifundisha mashine kutambua aina za maneno kwa kujifunza kutoka kwenye mifano.

Hilo ni jibu la kwanza la nguvu kwa swali la Luehrmann katika mazingira yetu. Mashine ilikaa chini, na Kiswahili ndicho kilichokuwa mwalimu.

Kete zisizolala

Jibu la pili liko barazani. Bao la Kiswahili lina mashimo 32 katika safu nne na kete 64. Kila mchezaji huanza na kete 10 ubaoni, sita kati ya hizo zikiwa katika shimo liitwalo nyumba, na 22 mkononi. Awamu ya kwanza, namua, huingiza kete moja kila zamu. Zikiisha za mkononi, huanza awamu ya mtaji. Kete ya mwisho ikiangukia kwenye shimo lenye kete, mchezaji huzichota na kuendelea kusambaza. Akiwa anakula na shimo la mbele la mwenzake lina kete, huzila hizo na kuziingiza kuanzia kichwani, yaani shimo la mwisho la safu yake ya mbele, kulia au kushoto kwa masharti yanayojulikana. Ikiangukia shimo tupu, amelala, na zamu inahama.

Kwa mtu wa sayansi ya kompyuta, maelezo hayo ni programu kamili. Ndani yake mna hali ya mwanzo, masharti ya *kama hivi basi vile*, marudio yanayoendelea mpaka sharti fulani litimie, na kanuni ya pekee ya nyumba inayompa mchezaji hiari ya kulala au kuendelea. Vijana wa Ng'ambo wamekuwa wakifanya kazi ya aina hii akilini vizazi kwa vizazi, na tungo za mshairi Muyaka wa Mombasa zinathibitisha kwamba bao lilikuwa fani ya kuheshimiwa pwani tangu karne ya 19.

Mwaka 1995 Alexander de Voogt alikamilisha katika Chuo Kikuu cha Leiden, Uholanzi, utafiti wa shahada ya uzamivu kuhusu umahiri wa bao, aliousomea kwa mafundi wa Zanzibar. Alitaka kujua bingwa hufikiri vipi: huona mbele zamu ngapi, hukumbuka nini, na ukomo wa akili yake uko wapi. Bao ni gumu kwa sababu zamu moja inaweza kuuzunguka ubao mara nyingi na kubadilisha karibu kila shimo. Mchezaji wa sataranji akisogeza kipande, sehemu kubwa ya ubao hubaki kama ilivyokuwa. Fundi wa bao hana raha hiyo. Lazima aendeshe mchakato mzima kichwani, hatua kwa hatua, ndipo ajue utaishia wapi.

Mwanzoni mwa miaka ya 2000 Jeroen Donkers na wenzake wa Chuo Kikuu cha Maastricht waliandika programu za kucheza bao. Mwaka 2006 Tom Kronenburg, Donkers na de Voogt walichapisha utafiti kuhusu zamu zisizo na mwisho: mipangilio ambayo kete zikianza kusambazwa hazilali kamwe. Hapa bao linagusa msingi wa sayansi yenyewe ya kompyuta. Mwaka 1936, kabla kompyuta za elektroniki hazijaundwa, Mwingereza Alan Turing alithibitisha kwamba hakuna njia moja ya jumla inayoweza kuiangalia programu yoyote ile na kusema kwa uhakika kama itasimama au itaendelea milele.

Bao linatoa hali nyepesi zaidi ya tatizo hilo, na ndiyo maana linafaa darasani. Kete ni 64 tu na mashimo ni 32, kwa hiyo mipangilio inayowezekana, ingawa ni mingi kupita kiasi, ina mwisho. Mashine ikiweka kumbukumbu ya kila hali iliyokwisha kupita, na katika zamu hiyohiyo ikakuta mpangilio uleule, shimo lilelile na mwelekeo uleule, itajua kwamba kete zimeingia kwenye mzunguko na hazitalala. Mwanafunzi wa skuli ya sekondari ya Haile Selassie au Lumumba anaweza kulielewa wazo hilo kwa ubao na kete, kabla hajagusa kibodi. Nchi chache zina nyenzo ya kufundishia iliyo tayari mitaani kwa kiwango hicho.

Vyuo vinafika

Elimu ya juu ilichelewa kufika Unguja. Chuo Kikuu cha Zanzibar cha Tunguu kilianza mwaka 1998. Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar, SUZA, kiliundwa kwa Sheria Namba 8 ya 1999 na kufungua milango mwaka 2001, na sayansi ya kompyuta ikawa moja ya fani zake. Kabla ya hapo kijana wa Michenzani aliyetaka kuisomea ilimbidi avuke bahari. Wengi walipata ujuzi wao wa kwanza katika vyumba vya mafunzo ya mitaani, wakianzia kutaipu, kwa mkono uleule waliojifunzia kwenye mashine za taipu.

Siasa ya taifa nayo ilibadilika. Sera ya Taifa ya Teknolojia ya Habari na Mawasiliano ilitoka mwaka 2003, miaka 29 baada ya marufuku. Mwaka uliofuata, mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na kampuni ya Sweden ya IT+46 ulitoa Jambo OpenOffice, programu za ofisi zinazozungumza Kiswahili. Karani aliyekariri mahali pa kubonyeza bila kuyaelewa maandishi sasa angeweza kusoma alichokuwa anaamuru.

Mchango mkubwa wa kinadharia ulitoka Finland na ukatua Iringa, Nyanda za Juu Kusini. Matti Tedre na Erkki Sutinen wa Chuo Kikuu cha Joensuu, Finland, pamoja na wenzao, waliandika mwaka 2006 kwamba kompyuta hubeba utamaduni wa waliozibuni, na kwamba kila jamii ina njia zake za kupanga, kuhesabu na kuwakilisha mambo ambazo zinastahili kuingia katika somo. Mikko Vesisenaho alikamilisha mwaka 2007 tasnifu yake kuhusu kufundisha misingi ya teknolojia ya habari katika chuo kikuu Tanzania kwa kufuata mazingira ya wanafunzi. Mwaka huohuo chuo cha Tumaini, Iringa, kikaanza shahada ya teknolojia ya habari iliyojengwa juu ya fikra hiyo: mwanafunzi aanze na tatizo la mahali alipo, kisha atafute mashine ya kulitatua. Ni mpangilio ulio kinyume kabisa na ule wa Hazina mwaka 1965.

Mapaa ya Michenzani

Mwaka 2016 Kamisheni ya Ardhi ya Zanzibar, pamoja na SUZA na kwa msaada wa Benki ya Dunia, ilianza kuvipiga picha visiwa vyote viwili kwa droni. Wanafunzi wa SUZA walifundishwa kuzirusha na kuunganisha picha zake, na ramani iliyopatikana ilikuwa na uwazi wa kuonyesha paa, kisima na njia ya miguu. Mwaka 2018 picha hizo zikatumika katika shindano la kimataifa la kuifundisha akili mnemba kutambua majengo. Mashine ilitakiwa itofautishe makundi matatu: nyumba iliyokamilika, nyumba isiyomalizika, na msingi.

Makundi hayo yamebeba maisha ya Unguja. Watu wetu hujenga kwa awamu. Huchimba msingi mwaka huu, huinua kuta wakipata, na huezeka mwanao akirudi kutoka Uarabuni. Mtu asiyeijua desturi hiyo angeliweka kundi moja tu la nyumba, na mashine ingeiona nusu ya vijiji vyetu kama magofu. Ili mashine ijifunze, ni lazima kwanza watu waichoree mipaka ya nyumba moja moja na kuitaja hali yake. Ualimu huo hauna njia ya mkato.

Michenzani yenyewe inaonyesha kwa nini ujuzi wa mahali hauepukiki. Kutoka angani, jumba la mita 300 ni paa moja. Programu italihesabu kuwa jengo moja, sawa na nyumba ya mtu mmoja kule Fuoni. Chini ya paa hilo wanaishi watu wa kujaza kijiji, ngazi kwa ngazi, na maduka yamepangana chini yao. Akija mtu kupanga maji, umeme au zimamoto kwa hesabu ya mapaa, ataidhulumu Michenzani bila kujua. Mwanafunzi wa SUZA aliyekulia hapo huliona kosa hilo mara moja, na akiwa ameisoma kazi yake vizuri, anaweza kuirekebisha programu. Mtu huyo mmoja, mwenye mtaa kichwani na programu mkononi, ndiye aliyekosekana Hazina mwaka 1965.

Yaliyo mbele yetu yanawezekana. Makarani waliotoboa kadi na wachambuzi wa kwanza wa miaka ya 1960 na 1970 sasa ni wazee, na masimulizi yao yanapaswa kurekodiwa kwa juhudi ileile iliyotumika kurekodi lahaja. Wizara ya Elimu na Mafunzo ya Amali inaweza kuliweka bao katika somo la kompyuta kwa gharama ya ubao na kete, na kuwaalika mafundi wa mitaani wasimame mbele ya darasa. Vyuo vyetu vinaweza kuifanya sarufi ya Kiswahili kuwa zoezi la kawaida la waandishi wa programu, ili kazi iliyoanzia Helsinki iendelezwe Unguja. Na kila mkataba wa kununua mashine za skuli uwe na fungu la kumsomesha mwalimu lisilopungua fungu la mashine. Hesabu za miaka zaidi ya 50 zinatosha kuonyesha ni lipi kati ya mafungu hayo mawili lililolipa faida.